Kikao cha Ranjanben, Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Urvish kashuka leo kutoka juu. Shikamoo yake ndefu, nikajua ana jambo. Mama yake, Ranjanben, kafariki; wameshamchoma wiki iliyopita, Kihindu. Sasa Jumapili jengo zima linakaa kwao kumwombea. Eti mimi nifungue kikao, mimi nifunge. Kwa Kiswahili. Eti mama yake ndiye kaagiza, kitandani hospitali, kanitaja kwa jina.
Mimi! Mwaka na zaidi hatusalimiani!
Nikamuuliza, una uhakika si Matilda? Yule si mwalimu? Akasema, "Ni wewe, Mama Ansbert." Nikakubali. Sijui nimekubali kwa nini.

Jumatano, 6 Agosti
Katekista Leodegar anasema nianze kwa Jina la Baba, nimalize kwa Raha ya Milele. Nikamwambia wale Wahindu. Akasema Mungu anaelewa. Sawa, Mungu anaelewa — na Urvish je?
Zulekha wa ghorofa ya pili anasema kwao wanafunga kwa dua. "Lakini wewe dua gani utaijua, Mama Ansbert?" Kacheka mpaka kashika ukuta. Mjinga.
Mjukuu wangu Nice: "Bibi, sema tuanze, halafu sema tumemaliza. Simpo." Simpo! Hata kikao cha harusi hakifungwi hivyo!
Nimeandika mistari mitatu. Nimefuta. Ee Mungu wa — wa nani? Nimefuta tena.

Alhamisi, 7 Agosti
Ngoja niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Mwaka jana nilianika dagaa kule juu kwenye paa. Niliwafuata mwenyewe soko la samaki Feri, wazuri. Ranjanben samaki hali, harufu haitaki. Akawazoa kwenye beseni, akaniletea mlangoni, kaziba pua na pindo la sari. Nikawaka! Nikamwambia pale ngazini, watu wanasikia: hata ufe, kwako sipandi tena.
Naye kafa.
Sasa anichague mimi? Ananikomoa? Au alinisamehe? Mtu akisamehe si angesema!

Ijumaa, 8 Agosti
Neno la kufungulia bado sina. Nice nimemgombeza bure.

Jumapili, 10 Agosti, jioni
Naandika nimekaa jikoni kwa Ranjanben. Watu wako sebuleni.
Nilipanda. Magoti haya, ngazi zile! Kufika mlangoni sina pumzi, na la kufungulia bado sina. Nikasema tu hodi. Chumba kizima kikaitika, "Karibu!" — Zulekha, Matilda, ndugu wa kina Urvish na nguo zao nyeupe, wote. Urvish akadhani ndiyo nimefungua! Akakaa chini, wakaanza nyimbo zao. Ningesema nini? Nikakaa na mimi.
Picha ya Ranjanben wameivisha maua. Ananitazama vilevile.
Nyimbo zikaisha. Wote wakanigeukia. Na hapa mjini hanyanyuki mtu kabla kikao hakijafungwa, hata miguu ife ganzi. Nikasema naenda kunywa maji. Nikakimbilia huku.
Rupal, mke wa Urvish, kanipa chai. Nikamuuliza wazi: kwa nini mimi? Akazungushazungusha sufuria. Mwisho akasema mama aliagiza hivi: mkimwita kwenye msiba tu hatapanda, ana kiburi yule. Mpeni kazi. Akipewa kazi atapanda.
Kiburi! Mimi! Mtu kafa bado ananisema, na mimi nakunywa chai kwake! Nikacheka. Halafu macho yakalowa. Tangawizi kali, Rupal kazidisha.
La kufungia ninalo. Kwaheri. Wote wanalijua, halina dini. Nikilisema watanyanyuka, watatafuta viatu vyao mlangoni, watashuka. Urvish atatoa picha. Basi.
Kachungulia sasa hivi. "Mama Ansbert, watu wanasubiri."
Wasubiri! Nimemwambia sijamaliza chai.
Kikombe kitupu kitambo.