Kiwanja cha Mama Tuuachie Mto

Rio Branco, Acre
Tarehe 9 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Jurandir,

Hujambo huko Lisboa? Mkeo Ivonete na ujauzito wake wanaendeleaje? Huku sote wazima, na Mama anakula vizuri. Nalisema hili mapema kwa kuwa najua ndilo ulilolitafuta ulipofungua bahasha.

Yuko kwangu, huku mlimani. Analalamika kwamba unga wa muhogo wa duka letu hauna ladha, kwa hiyo ujue hajambo kabisa.

Sasa nikueleze. Tangu Juni hadi Novemba mvua haikunyesha, mto ukapungua hadi watu wakauvuka kwa miguu. Kisha Machi, mvua ya mwezi mzima ikamwagika kwa siku mbili. Unakumbuka zamani maji yalivyopanda polepole, tukapata muda wa kuinua vitanda na kuhamisha kuku? Safari hii asubuhi yalikuwa kwenye ngazi ya chini, na kabla ya adhuhuri yakafika dirishani.

Niliteremka mbio, nikazuiwa na maji njiani. Aliyemfikia Mama ni mzee Abdias, yule jirani waliyenuniana naye miaka kumi na moja kwa sababu ya ua. Alimkuta juu ya meza, amekumbatia cherehani. Mama akamwambia yeye hapandi mtumbwi wa mtu wasiyesemezana naye.

“Panda, Dona Osmarina,” mzee akamjibu. “Tutanuniana tukifika nchi kavu.”

Akapanda, na cherehani yake. Jioni ile nyumba ikachukuliwa na mto.

Wiki iliyopita mhandisi wa manispaa, binti mmoja mpole, alituita sisi wenye viwanja kando ya mto, akatutandazia ramani ya bonde. Akasema mvua zitazidi kuwa kali kwa kuwa dunia inapata joto, lakini hata zisingebadilika, hasara ingeongezeka tu: milima tumeikata miti na kuijaza saruji, maji hayana pa kuzama, na bado watu wanazidi kujenga bondeni. Mama akamuuliza wajukuu wake watalala wapi kwenye ramani ile. Binti hakumdanganya.

“Hapo penu, mama, hawatalala salama.”

Nilitazama chini, Jurandir. Uwanja wangu niliumwagia saruji mwaka juzi, nisichafue viatu, na mfereji wake unateremka hadi kwa Mama. Tuliporudi nilimwambia, nikilia. Akauliza nyundo kubwa iko wapi. Tumeshavunja nusu ya saruji: mume wangu Valdecir anapiga, Mama anamsimamia kwenye kiti na kumkosoa.

Kwa hiyo ile michoro ya nyumba ya nguzo ndefu uliyotuma, nakuomba uiweke kando. Najua ulivyoichora kwa mapenzi. Mama anataka kiwanja tuuachie mto, asijenge tena mtu yeyote, na manispaa inahitaji sahihi yako kwa kuwa nawe ni mrithi wa Baba. Niliogopa kukuandikia, maana ulizaliwa mle ndani. Mama ndiye aliyenikalisha mezani na kalamu. Maneno yake ni haya: “Mwambie mwanangu aje anizike nikiwa kikongwe, asije kunitafuta majini.”

Nisalimie Ivonete na shangazi Zuleide. Mungu amfikishe mtoto salama mikononi mwenu.

Dadako akupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,
Aldenora