Mtu Mmoja Bila Ngoma

Gunnvor rafiki yangu, hebu sikia: nilikuwa nasafisha sauti ya ngoma za wimbo wa tano, Tarjei akaingia na jalada la albamu yake ya black metal, ile roki ya giza na mayowe. Usoni bado ana ile rangi nyeupe ya kujifanya maiti, katoka kupigwa picha msituni.

Nyuma ya jalada kaandika: "Vyombo vyote, sauti zote: Tarjei peke yake."

Vyombo vyote! Ngoma za nyimbo zote nane nimepiga mimi, kwenye gereji yangu, majira yote ya baridi.

Nikamuuliza taratibu, "Na ngoma?"

"Kaka, mradi wa mtu mmoja ni wa mtu mmoja. Nikikutaja, tunakuwa bendi."

Tunakuwa bendi! Alitamka kama anataja upele.

Eti mashabiki wanataka upweke. Upweke gani? Mama yake alikuwa nje kwenye gari, anamsubiri na chupa ya kahawa.

Sikubishana. Nikazima ngoma zangu zote, nikamsikilizisha wimbo. Likabaki gitaa lake linalia kama nyuki ndani ya birika.

"Mbona patupu hivi?"

"Huyo ndiye mtu mmoja, mdogo wangu."



Wimbo nimeuacha hivyo hivyo, bila ngoma. Kesho asubuhi anakuja kuchagua: jina langu liingie kwenye jalada, au apige mwenyewe. Vijiti vya ngoma nimemwekea juu ya kiti.