Udongo wa Mawaridi ya Mama

Baba,

Pai ya mchicha iko jikoni, ipashe moto. Dawa ya saa sita usiisahau. Miche usiimwagilie leo, bado imelowa.

Asubuhi nimekufokea mpaka jirani Mirta akachungulia. Lakini kukuta mawaridi ya marehemu mama yamelazwa sakafuni, mizizi nje, udongo wake wote umehamia kwenye ndoo zako za bangi! Ukanijibu, "Ule wa dukani unatuamisha maji, Silvana, miche inaoza. Huu mama yako aliulea miaka ishirini." Nikakwambia hukuwahi kumpenda. Nisamehe, baba, sikupaswa kusema vile.

~~Nikirudi niukute udongo umerudi kwenye vyungu vya mama.~~

Uache hapo hapo. Mawaridi nimeyafunga kwenye gunia lililoloweshwa maji, nitayapanda uani jioni.

Nilidhani hiyo bangi ni ya kujiburudisha tu na rafiki zako kina Elbio. Halafu wakati natoka nikakuona umeshika kibuyu cha chai kwa mikono miwili, na bado kinatetemeka, chai inakumwagikia kifuani. Tangu lini, baba? Mbona hukuniambia bangi ni ya kutuliza mikono?

Binti yako