Sauti Yako Haiuzi Dawa

Baba,

Shikamoo. Sijui kama aliyelala kaburini huamkiwa, ila mie siwezi kufungua mdomo mbele yako bila kuanza na hiyo.

Nina hasira, na nimekuja nayo kwako kwa sababu inakuhusu. Miezi miwili iliyopita ulisikika Yombo. Ukasikika Tandika, ukasikika mpaka Mbagala, ukiwaambia watu waachane na sindano za sukari wanywe unga wa mitishamba. Sauti ni yako kabisa, na ule mvuto wa "wananchiii" ambao watoto wa mtaa mzima walikuwa wanauiga. Watu waliokushusha kaburini kwa mikono yao walisimama barabarani wakasikiliza.

Mlango wa hayo yote niliufungua mie. Acha nikueleze tangu mwanzo, usije ukasikia kwa wengine huko uliko.

Baada ya arobaini yako, kirikuu, kile kigari chetu cha matangazo, kilikaa uani kimefunikwa turubai. Kaka Hamisi akasema tukiuze na spika zake zote, biashara ya matangazo imekufa na mwenyewe. Nikakataa. Mie ndiye niliyeshika usukani miaka yote ile wewe umeshika kipaza sauti, najua kila kona ya Temeke inayorudisha mwangwi na kila msikiti wa kuzimia spika ukipita. Nikamwambia gari haliuzwi. Tukatafuta mtangazaji, akaja wa kwanza, akaja wa pili. Wateja wakawa wanasikiliza, wanatikisa kichwa, halafu wanasema neno lile lile: "Sie tulizoea ya mzee."

Hapo ndipo Hamisi alipoleta simu yenye akili mnemba. Ndivyo wanavyoiita redioni, mtaani wanasema ei-ai tu. Usicheke. Unaiambia duka la magodoro linafunguliwa Jumamosi Temeke, niandikie tangazo fupi, nayo inakuandikia hapo hapo. Kiswahili chake mwanzoni kilikuwa cha mwalimu mkuu siku ya mahafali. "Tunayo furaha kubwa kuwajulisha." Mie nafuta, naandika "Magodoro yamefika!" kama ambavyo ungesema wewe. Lakini inasaidia, Baba, sitakudanganya. Inanipangia njia ya kupita ili tusirudie mtaa mmoja mara mbili. Yule mama wa Kikongo anayeuza vitenge Kinondoni alipotuandikia Kifaransa, niliionyesha ikanitafsiria, nikamjibu, akawa mteja. Hata Mama, na macho yake yale, anaielekeza kwenye karatasi za kliniki inamsomea kwa sauti. Ananiambia, "Hii haichoki kunirudia, si kama wewe."

Kwa hiyo si kwamba naichukia mashine. Nataka ulijue hilo kabla sijafika kwenye ubaya.

Siku moja Hamisi akaniita Sinza, kwenye studio ya dada mmoja anayesafisha sauti. Kumbe alikuwa amempelekea memori kadi zako zote zenye matangazo ya zamani. Akanivalisha spika za masikioni. Nikakusikia unasema, "Wananchi wa Tandika, mchele mpya wa Mbeya umeingia." Duka lile la mchele halikuwepo ulipokuwa hai; kompyuta ndiyo iliyoiga sauti yako. Mie nililia, Baba. Halafu nikasema, "Tena." Akarudia. Nikasema tena. Mara tatu nikasema tena.

Jioni tukamwekea Mama. Alisikiliza maneno matano tu, akainuka, akashika fremu ya mlango wa chumba chake. "Huyo hapumui," akasema. "Baba yenu alikuwa anapumua." Akafunga mlango.

Nilipaswa kumsikiliza. Nilikubali kwa sababu nilitaka kukusikia, na uongo nilioupa moyo wangu ni kwamba tunakuenzi. Tukakuzungusha kwenye mchele, kwenye magodoro, kwenye shule ya awali ya kule Mtoni. Watu wakawa wanalipungia gari mkono. Mzee mmoja alisimama akavua kofia. Nilijisikia fahari, na leo naona haya kuiandika fahari ile.

Unamkumbuka yule bwana wa Ubungo aliyekuwa na dawa ya meno ya unga? Alitaka useme inang'oa maumivu kwa siku moja. Ulimuuliza, "Umempima nani?" Akaanza kukutajia bei. Ukaniambia geuza gari. Tulirudi nyumbani saa nne asubuhi hatuna kazi, wewe unaimba kwa mluzi njia nzima. Ukasema, "Huu mdomo ndio nitakaozikwa nao, Zai." Kabla ya kutangaza mchele ulikuwa unaomba upikwe kwanza uonje. Kabla ya kutangaza mtoto aliyepotea ulikwenda kukaa na mama yake, umuulize viatu, umuulize kovu. Mie nilikuwa nasubiri garini naona unapoteza muda.

Basi akatujia bwana wa makopo ya kijani. Unga wa mitishamba, unaponya sukari, eti mgonjwa anaacha sindano ndani ya wiki. Alikuja uani kwetu na kusema waziwazi anataka sauti ya mzee. Hamisi akaniangalia. Nikasema hapana, toka. Akatoka anacheka, na sikuelewa anacheka nini.

Wiki mbili baadaye nikasikia bajaji inapita nyuma ya nyumba, na wewe umo ndani yake. "Mimi mwenyewe sukari ilinitesa, leo nimepona."

Hakuhitaji memori kadi zetu. Alisimama barabarani na simu yake tukiwa tunapita na tangazo la mchele, akarekodi, akampelekea mtu anayejua kufanya. Kipande kifupi kinatosha siku hizi. Nilichokuwa nakipaza mitaani kwa fahari ndicho alichokiokota.

Sasa nikuambie kuhusu Bi Mwajuma. Jirani yetu, mwenzio wa kliniki, mliyekuwa mnakaa benchi moja kila mwezi mnabishana nani kala ubwabwa kwa siri. Alikusikia akiwa kizingitini kwake. Aliacha sindano siku tisa. Binti yake Rukia alimkuta asubuhi ameanguka jikoni, maji ya chai yamekauka kwenye sufuria. Alikaa wodini muda mrefu. Yupo hai, alhamdulillah, ila jicho la kushoto haoni tena vizuri.

Nilikwenda kumwona, nikapiga magoti pembeni ya kitanda. Nikamuuliza, bibi, si ulijua Baba amekufa? Akanijibu polepole, "Najua, mwanangu. Nilidhani alirekodi kabla. Nikasema yule mtu hawezi kunidanganya mie."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata nafuu.

Nilirudi nyumbani nikagombana na Hamisi mpaka majirani wakatoka nje. Akasema, "Dunia ndiyo imefika huko, dada, utaizuia wewe?" Nikamwambia dunia ifike inakotaka, ila haitafika kwa kumkanyaga baba yangu. Nikaenda serikali ya mtaa, wakaandika. Nikaenda polisi, wakafungua jalada, wakasema nisubiri. Kesho yake bajaji ile ikapita tena. Bi Mwajuma alikuwa bado na dripu mkononi, nami naambiwa nisubiri!

Jumamosi asubuhi nikavua turubai. Rukia akapanda pembeni yangu. Tukaenda Yombo sokoni, mahali bwana yule anapotandika meza.

Kipaza sauti kile sikuwahi kukitumia, Baba, isipokuwa mara moja kule Kinondoni uliponipa nijaribu. Nilisema "wananchi" nikakabwa na aibu, wauza nguo wakacheka, ukazima ukasema tutajaribu siku nyingine. Hatukujaribu. Nilipaki upande wa pili wa barabara. Yeye ana spika yake mezani na wewe unanguruma ndani yake, unasema "tupo hapa kwenye banda jipya la soko, karibuni." Makopo yamepangwa. Akina mama wamejaa, wengine wameshika pochi. Nikatafuta kitufe cha kipaza.

Nikawasha.

Nilisema, "Mimi ni Zainabu, binti wa Mzee Chikoya. Ndiye mnayemsikia hapo, na hapo hayupo. Baba yangu hakupona sukari. Sukari ilimkata mguu, halafu ikamuua. Hiyo sauti imetengenezwa kwenye kompyuta."

Bwana yule akakuongeza sauti. Nami nikajiongeza. Fikiria, Baba, wewe upande ule na mie upande huu tunashindana barabarani. Sauti yangu ikapasuka katikati, nikawa nahema kwenye kipaza kama mtu aliyepanda mlima. Sikuzima.

Akanyakua kipaza chake akapiga kelele, "Muongo huyu! Mzee alirekodi kabla hajafa, anamwonea baba yake wivu!"

Ndivyo alivyoamini Bi Mwajuma, ndivyo wangeamini wote. Halafu nikakusikiliza vizuri kile unachokisema. Nikauliza kwa spika, "Jamani, hilo banda jipya la soko limejengwa lini?"

Akina mama wakageuka kulitazama banda. Kisha mama mmoja muuza nyanya akasimama, mkubwa wa mwili, kitambaa begani. "Limejengwa mwaka huu!" akasema. "Na mume wangu alikwenda kumzika Mzee Chikoya mwaka juzi!" Akamgeukia yule bwana. "Sasa marehemu kaliona wapi banda?"

Soko lilipasuka. Wengine walicheka, wengine wakaanza kurudisha makopo mezani kwa kuyatupa. Rukia akashuka garini, akawaeleza juu ya mama yake, bila kipaza, kwa sauti yake ndogo ile, na waliokuwa wanacheka wakaacha. Mwenyekiti wa mtaa akafika, mgambo wakabeba makopo. Bwana mwenyewe alichukuliwa kituoni, akatoka kwa dhamana, kesi inaendelea. Nasikia anasema atanishtaki kwa kumharibia jina. Anishtaki. Namngoja, na Rukia anamngoja, na yule mama wa nyanya ameshasema atafunga meza siku hiyo aje kutoa ushahidi.

Hamisi alikuja kwangu siku ya pili, baada ya adhuhuri. Alisema, "Twende Sinza." Tukasimama nyuma ya yule dada wa studio mpaka sauti yote aliyoitengeneza ikafutwa mbele ya macho yetu, na memori kadi zako tukarudi nazo. Mwenye duka la mchele tukamwambia sauti yako basi. Akaondoka, na wengine wawili wakamfuata. Tukawaaga kwa heri.

Yule dada alinivuta pembeni kabla ya kufuta. Aliniambia kwa huruma, si kwa ubaya, kwamba anaweza kuniachia kipande kidogo cha kwangu mwenyewe, unaniita "Zai". Ni kazi ya dakika mbili, akasema. Hakuna atakayejua.

Baba, nilishika ukingo wa meza ile. Wewe ulivyoniita mara ya mwisho wodini, asubuhi ile, uliniita na kikohozi katikati, jina likatoka vipande viwili. Hicho ndicho nilicho nacho, na hakinitoshi. Usidhani kinanitosha. Lakini ni chako, kilitoka kifuani mwako. Nikamwambia afute.

Siku hizi natangaza mie. Wapo wanaosema sauti ya mwanamke kali, inachoma masikio. Wazibe. Wapo wanaonisimamisha kuniambia dada, jana tulikusikia mpaka bondeni. Simu yangu ya akili mnemba ipo mfukoni na naitumia kila siku, inaniandikia, inanipangia, inanitafsiria. Lakini haiwezi kwenda kuonja mchele wala kukaa na mama aliyepotelewa na mwanawe, hiyo miguu ni yangu. Nikishaona kwa macho yangu, ndipo nafungua mdomo, na mdomo ni wangu.

Nimewaambia watu msikitini, na mama mchungaji wa kanisa la jirani amewaambia wa kwao: ukimsikia mtu unayempenda anakuambia uache dawa, mpigie simu, kama amekufa muulize mwanawe. Sie tuna sauti yako kwenye memori kadi, uliyosema kweli, kila neno tunajua ulilisema siku gani na gari lilikuwa wapi. Mama anaiweka akifua.

Najua ile ya kompyuta sikuifuta kila mahali. Imo kwenye simu za watu nisiowajua, na kesho mwingine anaweza kukuamsha akuuzishe mafuta ya miujiza au akuombeshe kura. Naogopa hilo. Ila nakuahidi hivi, na Hamisi ameahidi nami mbele ya Mama: yeyote atakayekusemesha maneno yasiyo yako, Temeke, Kinondoni au kokote barabara inakofika, nitamfuata, nitapaki upande wa pili, na nitasema jina lako na namna ulivyokufa mpaka anyamaze. Nikipoteza wateja wote nitasema. Sauti ikinikauka nitasema hivyo hivyo.

Pumzika sasa, Baba. Kusema kwako kumekwisha, na ulisema vizuri.

Binti yako,
Zainabu