Kirusi Alichokikataa Mulinge

S.L.P. 27,
Kyuso, Kitui.
9 Septemba 2025

Mpendwa kaka Kisilu,

Pokea salamu zetu. Huko Uingereza baridi imeshaanza kuuma? Wifi Nyawira na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu tunatumia pamoja na shemeji yako Mulinge, na haya sitaki ayasome. Muthoki, aliyekuja likizo, anarudi huko Jumamosi, atakukabidhi mkononi.

Mvua ya mwezi wa nne ilitukwepa. Ndengu tulizovuna hazikujaza hata gunia moja, lakini hilo tumelizoea.

Kaka, mpwa wako Kasiva anaisha. Ana miaka minane tu na anakojoa damu na vijiwe. Juzi alilia chooni hadi sauti ikamkauka. Daktari wa Nairobi anasema figo moja imeshachoka na ya pili inaifuata. Ini lake ndilo linalotengeneza ile chumvi inayoganda, kwa hivyo mawe yakitolewa leo, baada ya muda yako pale tena.

Wewe ndiwe uliyetuambia kuhusu huo utafiti wa sindano ya kutibu ugonjwa huu, maana virusi vyenyewe mnavitengeneza kwenye maabara yenu. Nilimweleza Mulinge vile ulivyonieleza: kirusi kimeondolewa makali, kazi yake ni kubeba ujumbe hadi kwenye ini na kunyamazisha jeni ya kimeng'enya kimoja, ili chumvi ipungue. Alinisikiliza vizuri. Kosa nililifanya mimi. Jumapili nilisimama kanisani kuomba maombi, nikasema wazi kwamba mtoto atadungwa virusi. Mdomo wangu huu. Siku hizi kina mama wanawahamisha watoto wao kutoka benchi analokalia Kasiva, na Mulinge amekataa katakata.

Unajua mtoto ana jina la mama yake Mulinge, na tangu azaliwe baba yake humwita Mwaitu, mama yangu. Unajua pia mama huyo alivyokufa wakati wa korona, akazikwa na watu waliovaa plastiki huku sisi tumesimamishwa mbali. Sasa Mulinge ananiambia, "Virusi ilimaliza mama. Unataka nikubali wamuekee ingine, na mimi naangalia? Hapana, mama Kasiva." Nitamjibu nini? Hana ubaya. Ni mapenzi na uoga, na vyote viwili vinamuua mtoto wangu.

Mpigie simu, tafadhali. Sindano ni tarehe mbili mwezi ujao. Wewe ni mjomba wa mtoto, na kwetu neno la mjomba halitupwi. Usimpe sayansi nyingi. Mwambie tu kama Kasiva angekuwa wako ungemdunga. Kama usingemdunga, niambie mimi kwanza.

Mama anakusalimia sana, pia Kaveke na mzee Mutisya. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu ailinde mikono yako na kazi unayoifanya.

Nimebakiza jambo moja, na nimelizungukia barua nzima. Fomu ya ridhaa ilitaka sahihi ya mama na ya baba, na siku ya mwisho kuirudisha ilikuwa jana. Nimeziweka zote mbili kwa mkono wangu. Ukiona ni lazima uniripoti, niripoti, kaka, sitakulaumu. Ngoja tu mpaka awe amedungwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Ndila