Gramu Sitini na Moja za Juu ya Paa

Jumapili, 5 Oktoba

Amenikatalia! Siku ya kwanza ya wiki ya masomo, mbele ya darasa zima. Daktari Nayef kashika karatasi yangu kwa vidole viwili kama soksi chafu. Eti mradi wa mwaka wa mwisho si sinema. Eti wanafunzi wa mji wetu wa Zarqa miaka nenda miaka rudi wanapima klorini ya maji ya bomba, wanahitimu, wanaolewa, na maisha yanaendelea.

Klorini! Maji yenyewe yanatoka siku moja kwa wiki. Nipime nini, bomba kavu?

Nikasimama. Nikamwambia kuna aina mpya ya poda, madini yanaunganishwa na asidi, inajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu — ukiweza kuzikunjua kuta za vitundu vyake vyote — ingefunika mapaa ya nyumba saba za mtaa wetu. Gramu moja! Usiku inakunywa unyevu wa hewani, mchana ikipigwa na jua inautema. Maji kutoka hewani!

Akacheka. Na darasa likacheka kwa sababu yeye kacheka.

Mwisho kanipa wiki moja. Nimletee maji kwa gramu, si kwa maneno. Nikishindwa ni klorini, na nisije kumlilia.

Mimi, nimlilie yeye? Thubutu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeipata! Gramu mia kamili, nyeupe pe. Asidi yake ni ile ile wanayotia kwenye peremende ziwe na ukali — nimeinunua kwa muuza vitu vya keki, akaniuliza kama kuna harusi. Chumvi ya alumini ya maabara, maji, moto mdogo, basi. Nimeiosha mara nne, nimeikausha.

Kaka yangu Qusai kachungulia kwenye chupa. Yaani siku mbili zote hizo umetengeneza unga? Tukuwashie tanuri utuokee mkate?

Mjinga yule. Hajui ameshika nini mkononi. Kitu ambacho babu yetu alipokuwa na umri wangu hakikuwapo popote duniani, na leo kiko ndani ya chupa ya zeituni jikoni kwetu! Nimeiweka chumbani, karibu na kitanda. Sina haya.

Jumatano, 8 Oktoba

Kila kitu kiko juu ya paa. Poda nimeitandaza kwenye sinia, itanywa hewa ya usiku. Asubuhi kabla ya chuo nitaifunika kwa kile kisanduku cha kioo cha samaki cha Qusai (samaki walikufa zamani, Mungu awarehemu), nitakipindua mdomo chini. Jua litachemsha, maji yatateremka kwenye kuta hadi kwenye mfereji wa plastiki nilioubandika kuzunguka ndani. Nimemwambia Mama asiguse. Kaniambia paa ni lake.

Alhamisi, 9 Oktoba

SITINI NA MOJA!

Gramu 61! Nimepima mara tatu. Nimerudi chuo alasiri, nimepanda ngazi mbili mbili, mfereji umejaa, kuta zinatoa jasho. Nimepiga kelele mpaka jirani kafungua dirisha.

Siku ya maji leo, nyumba imelowa toka mlangoni, Mama hoi kitandani, miguu juu ya mto. Nimembusu miguu. Akaniambia niache wazimu, nipike chai. Picha ya mzani nimemtumia Daktari. Bila neno hata moja. Picha tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Daktari kapiga simu siku ya mapumziko. Ijumaa! Huyu ambaye hajibu ujumbe hata siku ya kazi. Sauti asali tupu. Jumanne kuna maonyesho ya kitivo, wageni wanatoka Amman, ameshaagiza bango lichapwe. "Mradi wetu," anasema. Wetu!

Haya, wetu. Nilikuwa na raha kiasi hicho, nikamwachia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Khalati, dada yake Mama, kaja kutembea. Nikataka kumringia, nikafungua chupa ya maji yangu anuse: hewa tupu, Khala, hewa ya Zarqa! Kanusa. Kasema hewa yenu ina limau.

Mama naye akanusa. Akaanza kucheka. Si sabuni yangu ya sakafu hiyo?

Nikamuuliza Mama, Alhamisi ulifanya nini juu? Akashangaa swali gani hilo. Siku ya maji mtu anafanya nini? Kaosha mazulia, kaosha paa. Kioo changu alikinyanyua na sinia lake, akamwaga ndoo, akasugua, akayasukuma maji, akarudisha kila kitu palepale kwa adabu. Juu ya saruji iliyolowa chepechepe! Jua limepiga, saruji imetoa mvuke, mvuke umepanda kwenye kioo changu. Nimekamua paa la Mama.

Nikamfokea. Naandika kwa aibu. Akaniuliza: Kwa hiyo, mwanangu, msomi wa kemia ni nani hapa, mimi au wewe? Wewe umekulia kwenye siku ya maji tangu nakubeba, leo ndiyo umeisahau?

Khalati akajifanya anatafuta kiatu.

Na lililo baya zaidi nalijua mimi peke yangu. Poda gramu mia haiwezi kubeba sitini na moja. Ikishiba sana inabeba arobaini hivi. Nimesoma! Nimeipigia mstari! Alhamisi nilijua, sikutaka kujua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimerudia. Safari hii juu ya meza ya bati, nailoni chini, paa kavu. Mama kakaa ngazini na ufagio, kama askari. Kasema akipanda kiumbe yeyote na ndoo atamvunja mguu.

Alasiri: kumi na saba.

Nimezipima mara tano. Gramu 17, hazinuki chochote. Kidogo, glasi ya chai haijai. Lakini zimetoka hewani! Hizi ni kweli zimetoka hewani, nazipenda kuliko zile sitini na moja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemwambia Daktari. Yote, na limau.

Kafunga mlango wa ofisi nusu, kama wanavyofanya wakubwa wakiwa na la siri. Bango limeshachapwa, kaniambia. Wageni wameshaambiwa. Nani atanusa, Wijdan? Kesho sema sitini na moja, mwezi ujao tutaandika kwamba tumerekebisha. Ndivyo inavyokwenda kazi.

Nikamwambia kumi na saba inatosha. Inathibitisha kwamba inafanya kazi.

Kumi na saba haimsimamishi mgeni hata dakika moja, kasema. Halafu, bila kupandisha sauti: ukiniaibisha kesho, mradi huu sikuuona. Utarudia mwaka. Kwa klorini.

Nikasema sawa. Nimesema sawa! Mdomo huu huu. Nimerudi nyumbani kwa miguu mwendo wote, nikijitukana.

Mama kaniuliza nina nini. Nikamweleza. Nilidhani ataniambia nitulie, nishike shahada kwanza. Kamaliza kupasua bamia, kafuta mikono. Kaniambia: ile sitini na moja ni yangu mimi mama yako, nimeitolea jasho kwa goti na brashi, simruhusu huyo bwana aiwekee jina lake.

Tumecheka mpaka nimelia.

Jumanne, 14 Oktoba

Ukumbini. Naandika nimesimama, daftari kwenye ukingo wa meza. Bango langu ni refu kunishinda. 61 katikati, nyekundu, kubwa kama kichwa cha mtu. Jina la Daktari juu, langu chini.

Wageni wameingia. Mkuu wa kitivo, mama wa miwani, anawaongoza, na anauliza maswali kweli kweli — kule meza ya kwanza kamshika kijana kwa swali moja dakika kumi. Daktari Nayef yuko nao, anatabasamu.

Mwaka mzima! Marafiki zangu wavae joho, mimi nihesabu matone ya klorini.

Basi na iwe.

Nimefanya. Nimeazima kalamu nene nyeusi mezani kwa jirani, nimeikata 61 kwa mstari mmoja, nimeandika 17 pembeni. Na chini yake: "Paa lilikuwa limeoshwa." Mwandiko umeyumba, unasomeka lakini. Naandika hapa kwa kalamu hiyo hiyo.

Daktari ameona! Katoka kwenye kundi, anakuja haraka bila kukimbia. Uso hauna damu. Wageni wako meza ya pili, mkuu wa kitivo kashageuza shingo huku kwetu.

Anasema kwa meno: lete kalamu, Wijdan, niikate hiyo 17 na niirudishe 61, tutasema wachapaji wamekosea, lete upesi. Mkono kaunyoosha.

Simpi.