Ulichokiona cha Mama ni Sikio

Mdogo wangu Ombeni,

Nakuita mdogo wangu kwa sababu tumenyonya ziwa moja, si kwa sababu nimekusamehe. Nimeandika kwa karatasi makusudi. Ningekupigia, ungeniweka spika huku unaendelea na shughuli zako, halafu ungesema, "Nakusikia dada, endelea." Hapana. Leo utanisoma mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyolala kitanda kimoja pale Isansa, wewe ukiwa na miaka minne, mimi kumi? Ulikuwa hulali mpaka unishike kidole gumba. Nikikichomoa tu unaamka, unalia utadhani umekanyagwa, na mama anagomba toka chumbani kwake: "Mpe kidole chake, tulale!" Msimu wa kahawa tulichuma mti mmoja, mimi matawi ya juu, wewe ya chini. Na mama akitaka kukusema, alikushika kidevu kwanza. "Niangalie nikikusema." Ndivyo tulivyolelewa, kwa kushikwashikwa.

Ulipopata kazi kwa wakala wa forodha kule Tunduma tulishangilia. Tukasema si mbali, atakuwa anakuja. Thubutu! Badala yako ikaja simu. Kubwa, ya kioo, ina kava jekundu, ukampa dereva ailete Mlowo nikaifuate. "Sasa mama tutaonana kila wiki," ulisema. Majirani wakakusifu. Na kweli, kila Jumapili baada ya ibada ulipiga.

Lakini mama hakuielewa simu ile hata siku moja. Kwake simu ni kitu cha sikioni. Ukipiga ya video anaibandika sikioni, anafumba macho, anakusikiliza. Wewe huko unapiga kelele, "Mama, sogeza simu, naona sikio tu!" Anacheka, anaibana zaidi. Nasi tulicheka. Sasa nikuambie ambalo halikunichekesha: miaka miwili, mwanaume mzima, ulichokiona cha mama yako ni sikio. Sikio halikondi. Mashavu yaliisha, gauni likawa linamning'inia, namwogesha naziona mbavu, na wewe unaniambia, "Mbona sauti yake iko fiti tu?"

Nilikwambia njoo. Ukasema utatuma dawa. Zilifika, sikatai. Ila mama hakuulizia dawa, aliuliza, "Ombeni anakuja lini?" mpaka nikachoka kumdanganya. Watu husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe hata mbali hukuwa! Mtu anaondoka Tunduma baada ya chai, chakula cha mchana anakikuta kwetu.

Alipofariki nilikupigia wewe wa kwanza. Sijamaliza hata kumfunga kidevu, ulikuwa umeshaposti picha yake na mishumaa na maneno ya Kizungu. Mama mdogo kule Ruanda, hapahapa wilayani kwetu, akaonyeshwa na mjukuu wake. Ndivyo alivyojua kwamba dada yake amekufa, kwa kuonyeshwa picha, akaanguka palepale jikoni. Na siku ile hukuja. Ulikuwa unamalizia makaratasi ya malori mawili, eti utakuja kesho moja kwa moja mazishini. Kesho! Kitinda mimba, mama yako kalala sebuleni, watoto wa wenzake ndio wanaomlinda.

Siku ya mazishi ukapiga. "Dada, tunazika saa ngapi?" Nikasema saa nane. "Basi poa, sasa hivi ni saa tano kamili, muda upo. Namalizia hapa naondoka." Nikasema, "Sawa." Ukakata.

Ulifika tumeshafukia, watu wananawa mikono. Ukapiga magoti kwenye udongo mbichi, ukalia, "Jamani mbona hamkunisubiri, hata saa nane haijafika!" Ukawa unawaonyesha watu simu yako. Wakatazamana. Mjomba ndiye aliyekuambia kwamba simu ilishika mtandao wa Zambia kulekule mpakani, ikabaki nyuma saa nzima. Jambo ambalo Tunduma hata muuza nyanya analijua, ukimwahidi saa anakuuliza kwanza, "Ya huku au ya ng'ambo?" Siku hiyo wewe ulisahau. Na mama alikuwa ameagiza udongo wa kwanza uutupe wewe.

Tangu hapo umehamia Lusaka, mwaka wa pili huu hujakanyaga nyumbani. Unanitumia sauti yako unalia, unasema ulikuwa ujinga wako, una laana, huna uso wa kulitazama kaburi lile. Ndugu wote wamekubali kwamba ni ujinga wako. Na mimi niliitikia pamoja nao.

Sasa sikia. Uliponiambia ni saa tano, nilikuwa nimesimama mbele ya saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita. Nilielewa palepale, Ombeni. Nimeuza vitenge Tunduma miaka mitatu, mambo ya saa ya huku na ya ng'ambo nayajua kuliko wewe. Neno moja tu lingetosha, na sikulisema. Mchungaji alipouliza kama kuna mtoto wa kusubiriwa, mimi ndiye niliyemjibu: "Hakuna. Huyo yuko bize na simu." Nilitaka ukose. Nilitaka simu yako ikunyime kitu ambacho hutakipata tena, ujue inavyouma. Udongo wako nikautupa mimi, na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwenye kaburi la mama yangu.

Furaha yenyewe haikufika hata arobaini. Nilidhani nakukomoa wewe, kumbe niliyemnyima ni mama, aliyeuliza habari zako mpaka pumzi ya mwisho. Na miezi yote hii nimekusikiliza ukijilaani, nikanyamaza. Nilisikiliza sauti zako zote. Nyingine nilizirudia.

Kuomba radhi kwa karatasi siombi. Mwezi ujao tunajengea kaburi, saruji imeshafika. Njoo. Ukitaka kunitukana, nitukane nikiwa mbele yako. Ukitaka kunipiga, nipige, angalau nitakuwa nimeguswa na mtu wa kwetu. Ila ukipiga simu, sipokei.

Mimi niliyekunyima,
dada yako.